Kitabu Gani Kipendekezwe? Mkutubi, Msomaji na Fasihi ya Pwani ya Malindi na Kilifi

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuwatambua wahakiki wa namna mbili: mwalimu afundishaye darasani na mtaalamu aandikaye katika majarida. Yuko wa tatu ambaye hatajwi, ingawa hukumu yake huwafikia wasomaji wengi kabla ya hukumu za hao wawili. Huyo ni mkutubi. Msomaji aingiapo maktabani bila kujua atakalo, akauliza ni kitabu gani kizuri, jibu apewalo ni tathmini ya kifasihi hata kama halikuandikwa popote. Kitabu kimoja kimetolewa rafuni na vingine vingi vimeachwa, na kila tendo la kuchagua lina sababu zake, ziwe zimefikiriwa au hazikufikiriwa.

Makala haya yanakusudia kuzichunguza sababu hizo kwa kutumia mfano wa pwani ya Malindi na Kilifi, yaani eneo lianzialo Mtwapa, likapita Takaungu, Kilifi, Gede na Malindi hadi kaskazini ya Mambrui, na kuingia bara hadi Rabai, Ribe na Kaloleni. Hoja inayotetewa ni kwamba pendekezo la mkutubi linastahili kuhakikiwa kwa vigezo vya kifasihi kama uhakiki mwingine wowote. Na kwamba likihakikiwa hivyo hudhihirika kuwa upungufu wake mkubwa hautokani na mkutubi. Unatokana na wale wazalishao vitabu na elimu, wakiwamo wataalamu wa lugha wenyewe.

Pendekezo na vigezo vyake

Mkutubi wa Kihindi S. R. Ranganathan alitoa mwaka 1931 kanuni tano za kazi ya maktaba ambazo zingali zikifundishwa hadi leo. Mbili kati yake zahusu moja kwa moja suala hili: kwamba yupo msomaji wa kila kitabu, na kipo kitabu cha kila msomaji. Kanuni hizo zikichukuliwa kwa uzito wake, zamtaka mkutubi awe na elimu ya namna mbili. Lazima avijue vitabu kwa kuvisoma, wala asitosheke na majalada. Na lazima amjue msomaji, atokako, lugha aitumiayo nyumbani na jambo limsumbualo.

Kwa mujibu wa kanuni hizo, pendekezo lapaswa kujibu maswali matatu. La kwanza, kitabu hiki kinasema nini na kinakisemaje? La pili, kinamhusu vipi msomaji huyu aliyesimama hapa? La tatu, ambalo husahauliwa mara nyingi, ni kitabu gani kinachopaswa kusomwa pamoja na hiki ili msomaji asidanganywe na upande mmoja? Swali hili la tatu ndilo litengalo pendekezo na sifa tupu. Kusema kwamba kitabu kinapendeza ni jambo jepesi. Kuonyesha kinapoishia, na ni kipi kianziapo hapo, ndiyo kazi ya uhakiki.

Ugumu wa kazi hii waongezwa na mpangilio wa rafu zenyewe. Katika mfumo wa uainishaji wa Dewey, utumiwao na maktaba nyingi za umma, fasihi ya Kiswahili hukaa 896.392, methali na masimulizi ya jadi hukaa katika 398, na historia ya Kenya hukaa 967.62. Kwa mkulima wa Kaloleni au mvuvi wa Mambrui, methali ya bibi yake, riwaya ya jirani yake na historia ya shamba lake ni habari moja. Rafu zimeigawa mara tatu. Hakuna chombo kiwezacho kuiunganisha tena isipokuwa mtu aliyevisoma vitabu vya rafu zote tatu.

Nani amekuwa akichagua?

Yafaa ikumbukwe kwamba uchaguzi wa vitabu katika pwani hii haukuanzia mikononi mwa wenyeji. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki lilikuwa likichapisha vitabu na kuvisambaza pia, likituma masanduku ya vitabu na kuazimisha vitabu kwa njia ya posta. Aliyelijaza sanduku alikuwa mbali, na msomaji alikipata kilichokuwamo. Baada ya Uhuru, Huduma ya Taifa ya Maktaba za Kenya iliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1965 ikaanza kazi mwaka 1967, na maktaba za umma zikaenea mikoani hatua kwa hatua. Katiba ya mwaka 2010 iliziweka maktaba miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti. Hivyo, kwa sheria angalau, uamuzi umesogea karibu na msomaji wa Kilifi kuliko wakati wowote uliopita. Swali lililobaki ni kama uhuru huo una vitabu vya kuutumia.

Kitabu cha mtihani

Kwa muda mrefu sasa jibu la swali la kitabu gani kizuri limetolewa na baraza la mitihani. Tangu mfumo wa 8-4-4 uanze mwaka 1985, Kiswahili kimekuwa somo la lazima katika shule za sekondari, na fasihi ni sehemu ya mtihani wake. Kwa sababu hiyo riwaya chache zimesomwa na vijana wote wa nchi katika kipindi kimoja: Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora kwa miaka kadhaa, kisha Chozi la Heri ya Assumpta Matei. Neema ya mpango huu ni kubwa, kwani umewapa Wakenya wa pembe zote hadithi za kuzungumzia pamoja. Hasara yake ni kwamba umemfundisha msomaji kukiona kitabu kama mzigo wa kubebwa hadi chumba cha mtihani na kutuliwa hapo.

Hata hivyo, mkutubi hana haja ya kushindana na kitabu cha mtihani; anaweza kukifanya mlango. Chukua mfano wa Kidagaa Kimemwozea yenyewe. Katika nchi ya kubuni iliyomo humo, Mtemi Nasaba Bora amejitwalia ardhi kwa hila, na hati zimekuwa silaha ya mwenye nguvu. Kijana wa Magarini au wa Kilifi aisomapo sehemu hiyo anasoma habari za kwao. Katika pwani hii sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 ilimtaka kila mdai wa ardhi alete ushahidi uliokubalika mbele ya afisa wa serikali, na ardhi isiyothibitishwa kwa njia hiyo ikahesabiwa kuwa mali ya Taji la Uingereza. Wamijikenda wengi waliokuwa wakilima bila hati waligeuzwa maskwota katika mashamba waliyoyafyeka wenyewe. Mkutubi ajuaye jambo hili atampa kijana riwaya ile, kisha amwambie kwamba kipo kitabu kielezacho ardhi ya hapa ilivyopotea: utafiti wa Frederick Cooper wa mwaka 1980 juu ya safari ya watu wa pwani kutoka utumwa hadi uskwota. Hapo ndipo kikwazo cha kwanza hujitokeza, kwani kitabu hicho kiliandikwa kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza cha wanahistoria. Jambo hili litarejewa mbele.

Malindi kama msikilizaji

Jina la Malindi limeingia katika fasihi ya dunia mapema kuliko majina mengi ya Afrika Mashariki. Vasco da Gama alifika hapo Aprili 1498, na mwaka 1572 mshairi Luís de Camões alichapisha Os Lusíadas, utenzi mkuu wa Kireno, ambamo mfalme wa Malindi ana nafasi kubwa. John Milton naye aliutaja mji huo katika Paradise Lost (1667). Wasomi wamezoea kulitaja jambo hili kwa fahari, na mkutubi apendaye kumshangaza mgeni anaweza kulitumia.

Lakini nafasi ya mfalme yule katika utenzi wa Camões yafaa itazamwe kwa makini. Anampokea mgeni kwa ukarimu, anamkalisha, kisha anasikiliza. Da Gama ndiye asimuliaye, tena kwa urefu mkubwa, historia ya Ureno tangu mwanzo wake. Historia ya Malindi haisimuliwi. Mwenyeji amepewa heshima zote isipokuwa ulimi.

Taswira hiyo ni kipimo kizuri cha rafu yoyote ya maktaba katika pwani hii. Ikiwa kila kitabu kipendekezwacho kinasimulia habari za kwingine, basi msomaji wa Malindi amewekwa katika kiti kilekile cha mfalme wa Camões: mwenyeji mkarimu wa hadithi za wengine. Haifuati kwamba vitabu vya kwingine viondolewe. Kinachotakiwa ni kwamba miongoni mwa vilivyomo viwemo ambavyo mwenyeji anazungumza.

Vitabu vitatu vya kuanzia

Vitabu vya namna hiyo vipo, ingawa si vingi, na vyote vyahitaji kupendekezwa kwa maelezo. Vitatu vinatosha kuonyesha njia.

Cha kwanza ni Habari na Desturi za Waribe cha William Frank, kilichochapishwa na Macmillan mwaka 1953. Thamani yake ya kwanza iko katika lugha yake. Habari za watu wa Ribe zimeandikwa kwa Kiswahili, lugha ambayo Mrabai, Mgiriama na Mswahili wa Takaungu wote waweza kuisoma. Kwa njia hiyo desturi za watu wachache zimewekwa mbele ya hadhira pana bila kupitia lugha ya mtawala. Upungufu wake ni ule wa maandishi mengi ya desturi yaliyotolewa wakati wa ukoloni: jamii huelezwa kwa yale idumishayo, na yale inayogombania hayapati nafasi kubwa. Mwaka 1953 haukuwa mbali sana na mwaka 1914, ambapo serikali ya kikoloni ililipua Kaya Fungo ya Wagiriama kwa baruti baada ya Mekatilili wa Menza kuwaapisha watu wasitoe vijana wao kwenda kufanya kazi za Wazungu. Msomaji wa desturi apaswa kujua kwamba kaya zilikuwa pia ngome za siasa.

Cha pili ni Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotolewa mwaka 1934. Kitabu hiki chasimulia mateso ya watu waliotekwa bara, kuokolewa kwao baharini na manowari ya Waingereza, na maisha yao mapya Freretown, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari karibu na Mombasa mwaka 1875. Mbotela alikuwa mwana wa jamii hiyo ya mateka waliokombolewa, na nathari yake ina utulivu wa mtu aliyeyapokea masimulizi kutoka kwa wazee wake. Kipendekezwe bila shaka. Lakini wahakiki wameonyesha mara nyingi kwamba humo uhuru ni zawadi: Mwingereza hutoa, mtumwa hupokea na kushukuru.

Historia ya pwani ya Malindi yatoa picha nyingine. Kuanzia miaka ya 1860 mashamba makubwa ya nafaka yalifunguliwa kuuzunguka mji huo kwa nguvu za watumwa, na wengi wao hawakungoja manowari. Walitoroka. Walijenga vijiji vyao wenyewe, kama Fuladoyo katika nchi ya Wagiriama, na wengine wakakimbilia Rabai. Mwanzoni mwa mwaka 1889 Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilipowalipa mabwana fidia ili watoro waliokuwa katika vituo vya misheni wapewe vyeti vya uhuru, cheti kilithibitisha jambo ambalo miguu ya mtoro ilikwisha kulitenda. Uhuru wa Watumwa kikisomwa peke yake huificha miguu hiyo. Kikisomwa pamoja na habari za watoro, huwa kitabu kikubwa zaidi, maana msomaji ataona kinachosimuliwa na kinachonyamaziwa.

Cha tatu ni Walenisi (1995) ya Katama Mkangi, mwana wa Mijikenda, mwanasosholojia aliyekwisha kutunga Ukiwa (1975) na Mafuta (1984), ambaye aliwekwa kizuizini bila kushtakiwa mwaka 1986 na kufariki mwaka 2004. Dzombo, shujaa wa riwaya hii, amehukumiwa kifo na kutiwa katika chombo cha angani ili aangamie. Badala ya kuangamia anafika Walenisi, ulimwengu wa watu walio sawa, ambao jina lake lenyewe laweza kuvunjwa na kusomeka kama sentensi: wale ni sisi.

Hapa uhusiano tuliouona katika utenzi wa Camões umegeuzwa. Safari ni ya Mmijikenda, na mgeni aliyefika ng'ambo ndiye ashangaaye, aulizaye na ajifunzaye. Hata jina la shujaa lina kazi. Sauti dz haimo katika Kiswahili Sanifu. Ni sauti ya lugha za Mijikenda, ambamo maji ni madzi na jua ni dzua. Mwanafunzi wa Kaloleni aionapo sauti ya nyumbani kwao imeandikwa katika riwaya ya Kiswahili, anajua bila kuambiwa kwamba fasihi hii ni yake pia. Kasoro ya riwaya hii nayo isemwe: mahali pengi mazungumzo yamegeuka mhadhara, na Walenisi yenyewe ni njema mno kiasi cha kukosa mgogoro. Mkutubi amwonye msomaji wa matukio kwamba itabidi awe na subira, naye msomaji wa mawazo ataipata karamu.

Pingamizi

Yawezekana kusemwa kwamba kumpendekezea msomaji vitabu vya kwao ni kumfungia ndani ya kwao. Pingamizi hili lina uzito. Maktaba ambayo ingempa Mgiriama Ugiriama peke yake ingekuwa imemdhulumu sawa na ile isiyompa kabisa. Lakini pingamizi hilo lasahau kwamba kitabu cha mbali hupata maana kutokana na cha karibu. Mfano mzuri ni al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, iliyotungwa mwanzoni mwa karne ya 19 juu ya magofu ya Pate. Msomaji aliyetembea katika magofu ya Gede, ambayo James Kirkman alianza kuyachimbua mwaka 1948, ataielewa al-Inkishafi kwa namna ambayo mtu asiyeona kuta zilizomezwa na mizizi hawezi. Hata hivyo mkutubi ana wajibu wa kumkumbusha kwamba mshairi alisema juu ya Pate. Gede haukuachiwa mshairi. Hata Wareno waliokaa Malindi hawakuuandika katika habari zao zijulikanazo. Tungo moja yaweza kuwa taa ya magofu mengine, lakini taa si shahidi.

Pingamizi la pili ni kwamba mkutubi apaswa kuwa mwadilifu asiyependelea kitabu chochote. Uadilifu wa namna hiyo haupo. Asiyependekeza huiachia kazi hiyo orodha ya mtihani, au kitabu kilichoachwa mezani na msomaji aliyetangulia. Uadilifu uwezekanao ni kutaja sababu waziwazi, ili msomaji aweze kuzikataa.

Deni la wataalamu

Sasa yafaa kulirejea suala la lugha. Orodha ya vitabu vya kitaalamu juu ya pwani hii ni nzuri kuliko ya sehemu nyingi za Kenya. David Parkin aliandika juu ya Wagiriama na minazi yao mwaka 1972. Historia ya mji wa Malindi ya Esmond Bradley Martin ilitolewa mwaka 1973. Cooper alitoa utafiti wake wa utumwa wa mashambani mwaka 1977 na ule wa maskwota mwaka 1980. Thomas Spear alieleza historia ya kaya mwaka 1978. Na Cynthia Brantley alieleza upinzani wa Wagiriama mwaka 1981. Ndani ya miaka 10 hivi, watu wa pwani hii waliandikiwa maktaba ndogo nzima juu ya maisha yao. Yote iliandikwa kwa Kiingereza.

Masimulizi yaliyoijenga maktaba hiyo kwa sehemu kubwa yalitolewa na wazee kwa vinywa vyao, kwa Kigiriama, Kirabai na Kiswahili. Yalichukuliwa, yakafasiriwa, yakachapishwa, na hayakurudi. Mjukuu wa mzee aliyehojiwa, akiwa amesoma Kiswahili hadi darasa la mwisho la shule ya msingi, hawezi kuyasoma maneno ya babu yake. Mkutubi amjuaye mjukuu huyo na akijua kitabu hicho pia hawezi kuwakutanisha. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo; na hapa asiyekuwapo ni kitabu.

Ndiyo maana si haki kuzilaumu maktaba za pwani kwa kupendekeza vitabu vilevile kila mwaka. Mkutubi hupendekeza kilichopo. Idara za lugha zimetumia nguvu nyingi kutunga istilahi na kuhakiki riwaya zilizokwisha kuhakikiwa, na kazi hizo ni za lazima. Lakini tafsiri ya vitabu viwili au vitatu vya historia ya pwani, ikifanywa na watu wazijuao lugha za Mijikenda kiasi cha kurudisha majina na semi za wasimulizi katika umbo lake, ingebadili rafu ya 967.62 katika maktaba ya Kilifi kuliko makala mengi. Kadhalika, kukichapisha upya kitabu cha Frank, pamoja na utangulizi wa kihakiki, ni kazi ya kiasi kwa idara yoyote.

Hitimisho

Pendekezo la mkutubi ni uhakiki wenye matokeo ya haraka: msomaji huondoka na kitabu au huondoka mikono mitupu. Katika pwani ya Malindi na Kilifi, pendekezo jema ni lile litumialo kitabu cha mtihani kama mlango, likaunganisha rafu ambazo uainishaji umezitenga, na likampa msomaji kila kitabu pamoja na mwenzake wa kukisahihisha. Sehemu hiyo ya kazi yaweza kufanywa leo na mfanyakazi yeyote wa maktaba apendaye kusoma. Sehemu iliyobaki, ya kuhakikisha kwamba mkono ukiinuliwa kwenye rafu ya historia unakuta kitabu kisomekacho na mwenyeji, iko kwa wataalamu wa lugha, nao hawajaianza ipasavyo.